Gofu nyuma ya nyumba: neti, mchanga na uzi wa fundi

Chukua aeni 7, fimbo ya chuma ya mapigo ya kati, pangusa uso wake kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha upake poda ya mtoto, ile inayouzwa kila duka la mtaani. Piga mipira mitano bila kufuta. Sasa geuza fimbo uitazame. Alama zikiwa zimerundikana pahali pamoja, hata kama si katikati kabisa, swingi yako, yaani unavyozungusha fimbo, inajirudia na kazi iliyobaki ni ndogo. Zikiwa zimetapakaa kama mtama uliomwagika, hata ile mashine ya kupima mapigo, ya bei ya pikipiki, unayoiona kwenye intaneti haitakufaa kwa sasa.

Ndiyo maana nikiulizwa kifaa gani cha mazoezi kinunuliwe kwanza, nami huuliza: kitakujibu nini? Mpira umegonga wapi usoni mwa fimbo. Fimbo imegusa ardhi wapi. Mpira umeanza kuelekea wapi. Umekwenda umbali gani. Kifaa kisichojibu hata moja kati ya hayo kinakufanya tu ujisikie unafanya mazoezi. Na mengi ya majibu hayo unayapata hadiwea, sokoni Kibuye mjini Kisumu au kwa fundi wa jua kali, jambo zuri kwa sisi wa Nakuru, Kisumu, Kakamega na Kitale ambao uwanja upo lakini nafasi ya kuufikia kila jioni haipo.

Nimalize habari ya poda kwanza. Haishiki kwenye chuma kikavu, ndiyo sababu ya kitambaa chenye unyevu. Ukizidisha maji inageuka uji na alama haisomeki. Kama una kalamu ya ubao mweupe, ni bora zaidi. Chora mstari mnene wima kwenye mpira, uweke mstari huo upande utakaogongwa, kisha piga. Mstari utajichapa kwenye uso wa fimbo. Mahali ulipojichapa panakuonyesha ulipogonga. Namna ulivyolala inakuonyesha jambo jingine, hasa ikiwa fimbo zako ni za mtumba zilizokatwa kwa kimo cha mtu mwingine. Linganisha na mifereji ya uso wa fimbo: mstari ukiwa wima kabisa juu ya mifereji, fimbo inakutosha. Kichwa cha mstari kikiinamia upande wa ncha, yaani mwisho wa uso ulio mbali nawe, fimbo imesimama mno kwako, na mpira wa anayepiga kwa mkono wa kulia utapenda kwenda kushoto. Kikiinamia kisigino, yaani upande wa mpini, fimbo imelala mno na mpira utavutwa kulia. Watu hukaa miaka wakirekebisha swingi ambayo haina kosa, kumbe chuma ndicho kilichopinda vibaya. Rudia mara tano au sita kabla ya kuamini, kwa sababu pigo moja bovu linaweza kukudanganya.

Kwa draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, alama ya karibu na ncha ina tabia yake: uso wa draiva umefura kidogo na kichwa huzunguka kikigongwa pembeni, hivyo mpira huzungushwa upande wa pili na kurudi kushoto. Ukigonga karibu na kisigino, unakatika kwenda kulia. Kwa hiyo slaisi, yaani mpira unaopinda kwenda kulia, si lazima itokane na mikono. Angalia alama kwanza.

Shimo la mchanga

Ningelazimishwa kubaki na kifaa kimoja tu, ningebaki na hiki, na hakuna duka la gofu linalokiuza. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 40, kina sentimita 10, upande mrefu ukielekea unakolenga. Lijaze mchanga wa ziwa au wa mtoni uliopita kwenye chekeche, kwa sababu kokoto moja ikigongwa inaacha mkwaruzo usoni mwa weji yako, fimbo ya mapigo mafupi ya juu. Usiweke fremu ya mbao kwenye kingo. Fimbo itaikuta siku moja, na kifundo cha mkono ndicho kitakacholipa. Mwagia maji kidogo, sawazisha kwa kipande cha ubao, kisha chora mstari katikati kukatiza njia ya fimbo.

Simama mstari ukiwa mahali ambapo mpira ungekaa. Swingi bila mpira. Fimbo ikianza kukata mchanga juu ya mstari au mbele yake kidogo, upande wa unakolenga, umepiga vizuri. Ikianza kabla ya mstari, hata kwa upana wa vidole viwili, kwenye feawei, yaani njia ya nyasi fupi uwanjani, huo ungekuwa mpira mzito unaoangukia nusu ya njia. Tazama pia umbo la mkato ulioachwa mchangani. Mkato mfupi wenye kina kikubwa unaonyesha unashuka wima mno. Mkato ukielekea kushoto kwa lengo, fimbo inatoka nje kuingia ndani, na hapo ndipo slaisi nyingi zinapozaliwa. Ukiwa mzito upande wa ncha tu, kisigino kilikuwa hewani. Fanya kumi, sawazisha, fanya kumi tena.

Kosa linalojirudia kwenye shimo hili ni uzito wa mwili kubaki mguu wa nyuma. Jaribu kuanza ukiwa tayari umeegemea mguu wa mbele, karibu sehemu sita kati ya kumi za uzito, na uone mkato unavyosogea. Mara nyingi unasogea papo hapo, na hiyo ni habari njema kwa sababu inaonyesha tatizo halikuwa mikononi.

Kisumu kuna tatizo la udongo mweusi wa pamba: mvua ikinyesha shimo linageuka beseni, kiangazi kingo zinapasuka. Tandaza changarawe chini, weka gunia la nailoni juu yake, ndipo mchanga ufuate. Nakuru shida ni vumbi na upepo wa alasiri. Lowesha mchanga zaidi na ufunike kwa turubai ukimaliza. Hata hivyo paka watakuja. Chekecha kabla ya kila zoezi.

Mkeka, na kwa nini unadanganya

Mkeka wa nyasi bandia uliolazwa juu ya saruji ni kifaa kinachopendwa sana na chenye uongo mwingi. Ukichelewa, yaani ukigonga sentimita tano nyuma ya mpira, kwenye nyasi halisi fimbo ingezama. Kwenye mkeka inadunda, inateleza na kugonga mpira vizuri kiasi, nawe unatabasamu. Jumamosi unaenda klabuni unakuta mipira yote mizito na huelewi.

Dawa ni taulo ya mkono. Ikunje iwe nyembamba, ilaze sentimita 10 nyuma ya mpira, upige bila kuigusa. Ukiigusa utaiona inaruka. Ukizoea, isogeze hadi sentimita 7. Usiisogeze karibu zaidi kwa weji, kwani utaanza kushuka kama mtu anayepasua kuni.

Kuhusu unene: mkeka wa milimita 10 juu ya sakafu utakuumiza viwiko kabla ya mwezi kuisha, kwa kuwa mshtuko unaorudi haupiti mahali pengine ila kwenye kano zako. Tafuta wenye sponji au mpira mzito chini, unene wote usiopungua milimita 30. Au weka mkeka mwembamba juu ya tabaka la mchanga lenye kina cha sentimita 5. Na mahali pa miguu pawe na kimo kilekile na mahali pa mpira. Watu husahau hili: wanasimama kwenye saruji, mpira uko juu ya mkeka sentimita tatu, halafu wanashangaa mbona wanajifunza kupiga mpira ulio juu ya miguu. Mipira 40 kwa siku inatosha kwa mkeka. Anayepiga 150 hafanyi mazoezi, anatafuta daktari.

Neti

Hapa ndipo pesa ziende, kwa sababu hapa ndipo mtu anaumia. Mchezaji wa kawaida akipiga draiva, mpira unaondoka kwa kasi inayozidi kilomita 200 kwa saa. Una kipenyo cha milimita 42.67 na uzito usiozidi gramu 45.93, na kwa kasi hiyo unapita kwenye dirisha la jirani kama hakuna kitu.

Mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu ya skwea tyubu ya inchi moja na nusu: upana mita 3, kimo mita 3, na mabawa mawili ya pembeni ya mita 1.5. Mabawa si urembo. Mpira ukigongwa na shingo ya fimbo huruka kulia karibu pembe mraba, na neti bapa haiwezi kuukamata. Miguu ya fremu izikwe sentimita 60 kwa zege. Kwenye udongo wa pamba ongeza hadi 80, vinginevyo baada ya msimu mmoja wa mvua fremu itakuwa imeinama kama mlevi. Funika mabomba yote kwa tyubu kuukuu za baiskeli au sponji nene. Mpira ukigonga chuma kitupu unarudi ulikotoka, na ulikotoka ndiko ulikosimama wewe.

Neti yenyewe iwe na matundu yasiyozidi milimita 25 na uzi wa nailoni au polista uliosokotwa. Kisumu kishawishi ni neti za uvuvi, na bei yake inavutia kweli. Za sangara na ngege zina matundu ya inchi tano, mpira unapita bila kubisha hodi. Za omena matundu yake ni madogo ya kutosha, milimita 10 hivi, lakini uzi ni mwembamba na unakatika baada ya mapigo machache ya aeni. Zile za uzi mmoja mng'avu zinakatika haraka zaidi. Neti ya omena inafaa kuwa tabaka la pili, nusu mita nyuma ya ile ya kweli, kukamata kinachopenya. Usiitegemee peke yake.

Ining'inize ikiwa legevu. Kwa fremu ya mita 3 nunua neti ya mita 3.5 na uache sentimita 30 zilale chini bila kufungwa. Neti iliyokazwa kama ngozi ya ngoma inarudisha mpira magotini. Iliyolegea inaunyonya na kuudondosha. Pale mipira mingi inapogonga, tundika blanketi kuukuu sentimita 20 mbele ya neti. Linapunguza kelele na kuongeza maisha ya neti. Nyuma ya neti ya mwisho acha mita moja wazi kabisa. Kuna anayetundika neti karibu na ukuta wa mabati. Neti ikivutika mpira unagonga bati, na mtaa mzima unajua una mazoezi.

Mpira ukae mita 2.5 hadi 3 kutoka kwenye neti. Ukikaribia zaidi, mpira unaweza kurudi kabla hujamaliza swingi; ukienda mbali zaidi, mpira wa weji unaweza kupita juu ya fremu. Kabla ya siku ya kwanza, tupa mpira kwa mkono, kisha piga chipu, yaani pigo fupi la chini, kisha nusu swingi ya weji, kisha aeni, draiva mwisho. Kila mwezi shika uzi mmoja wa neti uuvute kwa nguvu: ukitoa unga mweupe au kukatika, jua limekwisha kuila. Jua linaila haraka, kwa hiyo ishushe usipoitumia. Na hesabu watoto na kuku kabla ya kila pigo. Kuku hasa, maana wanapenda kivuli cha neti.

Ukiishi kwenye ploti ya kupanga, sahau neti. Nunua mipira ya sponji, ndiyo inayokwenda theluthi moja ya umbali na haivunji kitu. Haitakupa umbali, lakini alama ya poda inaonekana vilevile. Ndani ya nyumba pima dari kwanza kwa swingi ya polepole. Kwa draiva wengi wanahitaji mita 2.7 au zaidi.

Vijiti na uzi

Vijiti vya mwelekeo vinauzwa kama vitu adimu, ilhali ni fito za sentimita 120 tu. Bomba la plastiki la nyaya za umeme la milimita 20 linafanya kazi ileile. Kata mawili, moja lilale upande wa nje wa mpira likielekea lengo, jingine mbele ya vidole vya miguu, sambamba kama reli. Kijiti cha miguu hakielekei lengo. Kinaelekea kushoto kwake kidogo kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, na wengi hukosea hapa kwa kuelekeza miguu kwenye bendera. Usichomeke bomba la plastiki ardhini kuwa kizuizi cha swingi. Likigongwa linapasuka vipande vyenye ncha kali. Tumia tyubu ya sponji au bomba laini la kumwagilia maji.

Kwa pata, yaani fimbo ya kusukumia mpira kwenye grini, zile nyasi fupi sana zenye shimo, nenda kwa fundi wa ujenzi umwombe uzi wa chaki, ule wa kuchorea mistari ukutani. Nyosha mstari wa mita 3 kwenye zulia au sakafu. Kwanza hakikisha sakafu imenyooka: viringisha mpira polepole kwenda na kurudi. Ukipinda upande uleule mara zote mbili, sakafu imeinama, na wewe utajifunza kuputi vibaya kwa bidii kubwa.

Kisha tengeneza lango. Shimo la grini lina kipenyo cha milimita 108. Kutoka mita 2 una takriban digrii moja na nusu kila upande kabla mpira haujakosa. Kutoka mita 3, digrii moja tu. Sasa weka tii mbili (vijiti vya kuinulia mpira) au vizibo viwili vya chupa sentimita 50 mbele ya mpira. Kwa puti ya mita 2, nafasi ya milimita 70 kati yake inalingana na shimo lote. Kwa mita 3 ni milimita 61. Hiyo ni hesabu ya mpira unaofika ukifa. Ukifika na kasi, kingo za shimo hazikubali, kwa hiyo kaza lango liwe 60 kwa mita 2 na 54 kwa mita 3. Ukipita mara nane kati ya kumi, rudi nyuma. Mpira ukigusa kizibo cha kulia kila mara, uso wa pata uko wazi wakati wa kugonga. Uso ndio unaoamua sehemu kubwa ya mwelekeo wa puti, njia ya mkono ni kidogo tu, kwa hiyo rekebisha mshiko na mkao wa uso kabla ya kugusa swingi.

Kioo cha kunyolea kilicholazwa chini ya mpira kinaonyesha macho yako yako wapi. Yawe juu ya mstari au ndani yake kidogo. Nje ya mstari, mwili utafidia bila kukuambia.

Kasi huwezi kuijifunza kwenye saruji iliyong'aa. Zulia lenye manyoya mafupi ni bora, ingawa halitalingana na grini ya Nyanza Golf Club wala ya Nakuru. Tumia nyumba kwa mwelekeo. Kasi ikamalizie uwanjani.

Vingine, kwa haraka

Gunia la kugonga: gunia la nailoni lililojazwa vitambaa vya mtumba, likakazwa hadi lisimame. Usitie mchanga, utavunja kifundo. Piga polepole, nusu swingi, usimame ukiwa umeligusa: mikono iwe mbele ya kichwa cha fimbo. Ikiwa nyuma, unafyatua mapema.

Mpira wa watoto wa plastiki, kipenyo sentimita 15 hadi 20, ukiubana kati ya mikono yote miwili, chini ya viwiko, unakufundisha viwiko visitawanyike. Mapigo mafupi tu. Ukianguka kabla ya kugonga, umepata jibu. Fimbo yenye shafti (mpini) laini na uzito kichwani ni nzuri kwa mdundo wa swingi, na ndiyo pekee kati ya vifaa vya bei ambayo ningeitetea. Mikanda ya kufunga vifundo na vifaa vya kubana kiwiko, viache dukani. Vinakufanya uhisi jambo ambalo linatoweka dakika tano baada ya kuvivua.

Mashine za kupima umbali zinahitaji kuambiwa ziko mwinuko gani. Nakuru iko takriban mita 1,850, Kisumu mita 1,130. Hewa ni nyepesi zaidi Nakuru na mpira unakwenda mbali kidogo kwa pigo lilelile. Ukiitumia kwenye neti, umbali ni makadirio. Kasi ya mpira iamini zaidi.

Simu ni bure na inashinda nyingi. Rekodi kwa mwendo wa polepole, fremu 240 kwa sekunde ikiwa simu inaweza. Kutoka nyuma, iweke kimo cha mikono, mita 3, ikielekea lengo kwenye mstari wa mikono. Kutoka mbele, kimo cha kifua, katikati ya mwili. Ukisogeza simu sentimita 30 pembeni, swingi ileile inaonekana tofauti, kwa hiyo piga rangi alama mbili chini na uweke stendi hapo hapo kila siku.

Kila kifaa kitumie mapigo matano, kisha matano bila. Ukishindwa bila, bado hujajifunza, umeegemea tu. Na ukienda kucheza mashindano Njoro, Kericho au popote, vijiti vinaweza kukaa ndani ya begi, lakini Kanuni ya 4.3 ya gofu inakataza kuvitumia wakati wa raundi: kosa la kwanza ni adhabu ya jumla (mapigo mawili, au kupoteza shimo kwenye mchezo wa mtu kwa mtu), la pili unaondolewa mchezoni. Hata kukilaza kijiti chini kwenye tii, mahali pa kuanzia shimo, kwa ajili ya swingi ya mazoezi tu kunahesabiwa.